Bahari ya Khazar na Mgeni Asiyealikwa

Msafiri anayevuka milima ya Alborz kutoka Tehran kuelekea kaskazini huuacha ukame nyuma, akapokelewa na mashamba ya mpunga ya Gilan na Mazandaran. Mbele yake imetanda Bahari ya Khazar, iitwayo pia Kaspi. Imezingirwa na nchi kavu pande zote, na mwambao wake wamegawana Iran, Azerbaijan, Urusi, Kazakhstan na Turkmenistan. Chumvi yake ni takriban thuluthi ya chumvi ya bahari kuu, kwani mito, hasa Volga, huimiminia maji matamu.

Kutengwa huko kwa dahari nyingi kumezalisha viumbe wasiopatikana kwingine, mmojawapo sili wa Khazar. Wamo pia dagaa waitwao kilka. Katika nyumba za Gilan, wali wa majani wa Nowruz huandaliwa pamoja na samaki mweupe wa bahari hiyo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka ya 1930 mkizi waliletwa kwa makusudi kutoka Bahari Nyeusi, wakazaana, wakawa riziki ya wavuvi. Lakini mfereji unaounganisha mito ya Volga na Don, uliofunguliwa mwaka 1952, uliacha mlango wazi. Mwaka 1999 akagunduliwa mgeni asiyealikwa: mnyama laini afananaye na konyeza, mwenye asili ya pwani za Atlantiki za bara la Amerika. Inaaminika aliingia katika farumi, yaani maji yanayopakiwa melini ili chombo kisiyumbe.

Mnyama huyu ana jinsia zote mbili, na mmoja peke yake aweza kutaga maelfu ya mayai. Hula vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula cha kilka, na hula pia mayai ya samaki. Katika miaka michache, huku uvuvi wa kupita kiasi nao ukichangia, mavuno ya kilka nchini Iran yalipungua kwa zaidi ya nusu. Wavuvi wakakosa riziki, na sili wakapungukiwa na chakula.

Nasi meli hututilia nanga Kilindini kila siku. Mkataba wa kimataifa wa farumi, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Kenya ni mwanachama, unazitaka meli ziyadhibiti maji hayo kabla ya kuyamwaga. Bahari ni amana tuliyokabidhiwa na Mola. Watoto wakiuliza kwa nini meli hukaguliwa bandarini, wazazi tuwasimulie yaliyowafika watu wa Khazar.