Siku Mtoto wa Dada Yangu Alipokula Bila Kuuliza

Mama wapenzi, jambo hili nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Nilitaka kulisema kwenye kikundi chetu siku ya mkutano, lakini aibu ilinifunga mdomo. Basi leo ninaliandika.

Dada yangu mkubwa anaishi Brussels, Ubelgiji, pamoja na mume wake na watoto. Binti yao ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Alipokuwa na miaka 7, walikuja Bukavu kutusalimia wakati wa likizo kubwa. Kabla hata ya kufungua masanduku, dada alituketisha jikoni akatueleza: mtoto huyu haruhusiwi kula mkate, wala chapati, wala mandazi, wala makaroni, wala biskuti. Chochote chenye ngano, hapana, hata kidogo. Wote tuliitika. Dada alipotoka, tukatazamana, tukacheka. Tulisema ni mambo ya Ulaya hayo. Mkate umemuumiza nani?

Siku ya tatu dada alikwenda mjini. Mimi nilikuwa ninakaanga mandazi. Watoto wa nyumba walizunguka jiko, naye akasimama nyuma yao, kimya. Nikamhurumia. Nikampa andazi moja la moto, nikamwambia, "Kula mwanangu, mama yako hayupo." Alinitazama kidogo, kisha akala.

Jioni alianza kutapika. Tumbo lilimvimba, akaharisha usiku kucha. Dada alimwuliza kila mtu nyumbani kama mtoto alikula kitu gani. Mimi, mwalimu mwenye diploma ya pedagojia, ninayewafundisha watoto kusema kweli, nilinyamaza. Wengine walisema labda ni maji. Nami nikasema, ndiyo, labda ni maji.

Mwaka jana dada alijifungua tena. Alinitumia mwaliko na tiketi ili nikamsaidie, nikakaa kwake mwezi mmoja. Huko ndipo nilipoona maisha ya yule mtoto. Nyumbani ana sufuria yake na ubao wake wa kukatia. Akialikwa kwenye sikukuu ya rafiki, anabeba chakula chake katika kisanduku, na wenzake wanapokata keki, yeye anafungua kisanduku. Tukiingia restora, mama yake anauliza: mchuzi umetiwa unga? Viazi vimekaangwa katika mafuta gani? Kama mafuta hayo yamekaanga kitu chenye unga wa ngano, viazi vile pia havimfai. Mara nyingi tuliondoka na njaa yetu.

Dada alinifafanulia ugonjwa. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa mkate unate na kuvutika. Sisi wengine tunakila bila shida. Lakini mwenye seliaki akikila, mwili wake unaanza kupigana na utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula vinaharibika. Mtoto anakula, lakini chakula hakimfai: hakui vizuri, damu inapungua, tumbo linajaa. Hakuna dawa ya kukiponya. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote.

Akaniambia pia jinsi ilivyojulikana. Daktari mmoja wa watoto huko Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa tayari anaishuku ngano. Katika njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulikuwa adimu sana. Watoto wengi waliteseka, lakini wale wa ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Niliposikia hayo niliona aibu. Vita nzima ilionyesha jambo ambalo mimi nililicheka jikoni kwangu.

Wiki ya mwisho dada alisema, "Leo tunakula nje." Tulipanda tramu mpaka Ixelles, si mbali na Matonge, ule mtaa ambako Wakongo wa Brussels wananunua sombe na muhogo. Tuliingia restora moja ndogo. Mlangoni paliandikwa kwa Kifaransa kwamba kila kitu humo hakina gluteni. Unga wa ngano hauingii jikoni hata gramu moja. Wanatumia unga wa mchele, wa mahindi na wa sarasini. Dada alinieleza kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu kuandika "bila gluteni" kama chakula kina zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Nikafanya hesabu kama darasani: katika tani nzima ya chakula, gramu 20 tu. Na mimi nilimpa andazi zima.

Mhudumu alileta orodha ya vyakula. Mtoto, sasa wa miaka 9, akamwuliza, "Ninaweza kula kipi?" Yule mama akamjibu, "Vyote." Mtoto aliisoma ile karatasi kutoka juu mpaka chini, akaigeuza, akarudi mwanzo. Ilimchukua muda mrefu. Dada aliniambia polepole, "Hajazoea kuchagua. Kila mahali sisi ndio tunamchagulia."

Wakati tunasubiri, wakaleta kikapu cha mkate. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikakisogeza kikapu mbali naye. Mtoto akacheka. "Mama mdogo, hapa ninaweza." Akachukua kipande, akakikata, akanipa nusu.

Sikuweza kumeza. Dada alikuwa amekwenda kumbadilisha mtoto mchanga. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, unakumbuka andazi la Bukavu? Unisamehe. Nilikosa." Akajibu bila hasira, "Ninakumbuka. Nilijua kwamba lina ngano. Nilikula kwa sababu ni wewe uliyenipa."

Mama wapenzi, hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lote. Mtoto alijua. Alijua kuliko mimi. Lakini tumewafundisha watoto wetu kwamba kukataa chakula cha mkubwa ni utovu wa adabu, naye alichagua kuugua kuliko kunivunjia heshima. Jioni ile nilimweleza dada ukweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akanipa mtoto mchanga nimbebe, akaenda kupika.

Tangu nirudi nimefikiri sana juu ya meza zetu. Fufu la muhogo, ugali wa mahindi, sombe, maharagwe, ndizi, viazi, wali, sambaza za ziwa letu: vyote hivyo kwa asili havina gluteni. Yule mtoto angeweza kula kwangu mwezi mzima bila shida, kama ningekubali tu kusikiliza. Jambo la kuangalia ni mashini iliyosaga ngano kabla ya mahindi yetu, mafuta yaliyokaanga mandazi, na uji wa unga uliochanganywa.

Siandiki haya ili kila mama aondoe mkate nyumbani. Kwetu, tumbo la mtoto likivimba, mara nyingi ni minyoo au lishe duni. Mpelekeni kituo cha afya. Na kama mganga anataka kumpima seliaki, msimwachishe ngano kabla ya kipimo, maana kipimo kinaweza kukosa kuona ugonjwa.

Ninaomba jambo moja tu. Mtoto akisema, "Mama, chakula hiki kinaniumiza," tusimwite mkaidi. Tumwulize: kinakuumiza wapi? Tangu lini? Na mama mwenzetu akisema mtoto wake hali kitu fulani, tusingoje atoke ili tucheke. Darasani kwangu sasa mtoto ana ruhusa ya kusema "asante, sili hiki," na hakuna anayemwadhibu.

Wao wanarudi Bukavu likizo ijayo. Nimekwisha kununua sufuria mpya. Haijapikiwa kitu bado, ninamngojea yeye.