Tukishinda, bendera ni ya nani?

Vijana wenzangu, na ninyi mnaofanya kazi na sisi wakimbizi, leo naongelea michezo.

Hapa Bwera, ukipita Mpondwe tu uko Kasindi, Kongo. Lugha ni karibu moja: huku Lukonzo, kule Kinande. Hata karata ni zile zile. Mchezo wa matatu, wazee na watoto wanaujua: mwenzako akitupa mbili, unaokota mbili, akitupa esi, anaita kopa au shupaza. Kwenye karata hamna mtu anauliza kitambulisho. Mambo yanabadilika mashindano yakipewa jina la nchi.

Mnamjua Phiona Mutesi. Alikuwa mtoto wa Katwe, mtaa wa shida pale Kampala. Alimfuata kaka yake mpaka kwa mwalimu Robert Katende, aliyekuwa anafundisha watoto chesi na kuwapa uji. Mwaka 2009 yeye na wenzake wawili walienda Juba kwenye mashindano ya watoto, wakashinda. Mwaka 2010 akawakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya chesi kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Filamu yake ikatoka mwaka 2016. Leo hata mtu wa Kasese ambaye hajawahi kukanyaga Katwe anasema "Phiona wetu". Ndiyo fahari ya nchi hiyo, na mimi naipenda.

Lakini sisi je? Kwenye kikundi chetu tuko na msichana wa miaka kumi na tatu, kwao ni upande wa Beni. Kwenye chesi anatushinda wote, pamoja na mimi niliyemfundisha. Siku tulipokuwa tunajaza fomu ya mashindano madogo, alifika kwenye "nchi" akasimamisha kalamu. "Kaka, naandika wapi? Kwetu, ama hapa?"

Nilimwambia aandike Kongo kama roho yake inataka. Akaandika Kongo. Halafu akauliza: "Nikishinda, watu wa hapa watafurahi?" Hilo sikuwa na jibu la haraka.

Sasa nalijibu hivi. Kule Rio mwaka 2016, Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo waliozaliwa Kongo, walicheza kwenye timu ya wakimbizi, chini ya bendera ya Olimpiki. Mwaka 2024 timu ya wakimbizi ilicheza pia kwenye Olimpiki ya chesi, Budapest. Ni mlango mzuri, lakini mkimbizi si jina la kabila wala la nchi. Ni hali tuliyomo. Huyu mtoto amezaliwa Kongo, amejifunza chesi Uganda, na kichwa kinachoshinda ni chake mwenyewe. Akishinda, Kongo ishangilie kwa sababu imemzaa, na Uganda ishangilie kwa sababu imempokea. Furaha haipungui ikigawanywa, si kama posho.

Ila mniruhusu niseme jambo moja. Phiona alikuwa na uji, ubao na mwalimu kabla ya nchi kumjua. Makofi yalikuja nyuma. Sisi hapa tuko na ubao mmoja kwa watoto kumi na wanne, na farasi mmoja alipotea, tunatumia kizibo cha soda. Ndugu wa mashirika, msingoje mpaka mtoto apande jukwaani ndiyo mje kupiga picha. Na ninyi vijana, mwenye ubao wa ziada Kasese au Bwera aulete. Tunacheza kila Jumamosi.