Nyumba ya Nati na Bolti

Kwetu Malinya, kijana wa kiume akishatoka jandoni na kukomaa huonyeshwa mahali pa kujenga isimba, kibanda chake mwenyewe ndani ya boma. Baba alinionyesha pangu miaka minne iliyopita, mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu bila digrii kwa sababu karo ilikwisha kabla ya masomo. Bado pamemea viazi vitamu vya Mama. Siku hizi naandikia watu makala kwa malipo ya kila neno, na kwa miezi kumi sasa nimekuwa nikipanga kuzunguka Ziwa Victoria nikilala ndani ya gari.

Gari lenyewe ni Nissan ya mjomba. Ilibeba abiria kati ya Kakamega na Kisumu mpaka ikachoka, akaing'oa viti na kuiegesha chini ya mparachichi. Amenipa kwa masharti mawili: nitengeneze injini, na nisithubutu kuiuza.

Huko Ulaya safari za aina hii ni kitu cha kawaida. Mwingereza anaingiza nyumba yake ya magurudumu ndani ya meli pale Portsmouth, analala kwa kabini, anashuka Santander, Uhispania, baada ya zaidi ya siku nzima majini. Mimi pia nilitaka meli, na akili yangu ilikimbilia Kisumu. MV Victoria iliunganishwa hapo Kisumu na kuanza kazi 1961, ikizungusha abiria katika bandari za nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mali iligawanywa, na Victoria ikabaki Tanzania. MV Uhuru ya Kenya ilirudi kazini 2019, lakini kwa shehena. Msafiri mwenye Nissan kuukuu hana lake hapo.

Basi nikaanza kutafuta kivuko upande wa Uganda, nikakipata. Kutoka Malinya unapita Busia, Jinja na Kampala hadi Entebbe. Kwenye gati la Nakiwogo kuna MV Kalangala, ambayo huchukua kama saa tatu na nusu kufika Lutoboka, kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese. Inabeba magari machache tu, kwa hivyo ni lazima ufike mapema. Unakatiza kisiwa katikati ya mashamba ya michikichi, kisha pale Luku unapanda kivuko kingine kifupi mpaka Bukakata, karibu na Masaka. Kuanzia hapo ni lami: Mutukula, Bukoba, Geita. Zamani ungepanga foleni ya kivuko tena kati ya Busisi na Kigongo, lakini tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji. Halafu Mwanza, Sirari, Kisii, nyumbani. Kwa hesabu yangu ya ramani ni zaidi ya kilomita 1,400.

Makaratasi nayo yana safari yao. Logbuku iko kwa jina la mjomba, kwa hivyo nahitaji barua yake ya idhini. Kuna bima ya Yellow Card ya COMESA, ambayo Tanzania inaikubali ingawa si mwanachama. Kuna kibali cha muda cha gari kila mpaka, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hayo yote yana bei, na bei inajulikana.

Wasiwasi wa Mama ndio hauna bei. Anakumbuka MV Bukoba ilivyozama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, na mamia wakafa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walikufa, na redio yetu haikuzimwa siku tatu. "Meli imebeba gari, gari limekubeba wewe," aliniambia. "Ikizama, nani atamtoa mwenzake?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Meli zote mbili zilibeba kupita kiasi, na abiria hana mzani wa kuipima meli.

Baba yeye haogopi maji. Anaogopa majirani. "Wakisikia umejenga nyumba yenye magurudumu watasema unahama," alisema. "Na mwanamume asiye na isimba ni mgeni hata kwa matanga yake." Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Nimeweka akiba ya shilingi 130,000. Inatosha isimba ya udongo na mabati, au inatosha injini, mafuta, bima na vivuko. Haitoshi vyote viwili.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki nzima. Kisha nikaenda Khayega kwa fundi aliyekuwa tayari kuchomelea kitanda ndani ya Nissan, nikamwambia azime mashine. Kitanda, rafu, meza ya jiko, fremu ya sola, kila kitu kitafungwa kwa nati na bolti. Tukirudi, spana moja itavitoa vyote, na vitaingia isimba vilevile vilivyo. Kuta na mabati nitavitafuta kwa makala nitakazoandika njiani.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo. Aliniuliza kitanda kina upana gani. Nikamwambia futi nne. Kesho yake nilimkuta kwenye viazi vya Mama na kamba na vigingi, akipima mahali pa mlango.

Tunatoka mvua za masika zikiisha, mimi na binamu yangu ambaye anajua kuendesha kuliko mimi. Mama amebakiza sharti moja: nikifika Nakiwogo nitazame abiria ni wangapi na maboya ni mangapi, kisha nimpigie simu nikiwa bado nchi kavu. Kama hesabu haimtoshi, tutashika barabara ya kwenda Masaka. Ziwa litazungukwa vilevile.