Usioshe chujio la samaki kama unavyoosha sufuria

Ndugu mfugaji, leo kabla ya maelekezo naanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa Kaniha mzee mmoja jirani aliniachia vifaranga 200 wa sato niwatunze kwenye tangi langu la nyumbani hadi bwawa lake likamilike. Tangi lina chujio: ndoo yenye mfuniko, ndani kuna sponji na kokoto, na pampu ndogo inayozungusha maji. Jumamosi moja nikaona maji yanatoka kwa shida. Nilipofungua ndoo nikakuta utelezi wa kahawia. Nikasugua kila kitu kwa sabuni, nikasuuza kwa maji yaliyotiwa klorini. Sponji ikatakata, nami nikajisifu.

Jumanne vifaranga walikuwa wanahema juu ya maji. Hadi Alhamisi walibaki 37. Mzee alitazama tangi, akaniuliza taratibu, "Bwana Samaki, na wewe ndiye unayetufundisha?" Sikuwa na jibu.

Kumbe ule utelezi haukuwa uchafu mtupu. Humo wanaishi bakteria wanaobadili amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula, kuwa naitraiti na kisha naitreti, yenye madhara madogo. Niliwaua bakteria hao, na huchukua wiki kadhaa kurudi. Maji yalikuwa maangavu, lakini yamejaa sumu.

Basi fanya hivi:

1. Safisha pale maji yanapopungua kasi. Chomoa waya wa pampu kwenye umeme kwanza.

2. Chota maji ya tangi hilohilo kwenye beseni, kamulia sponji humo mara mbili tatu. Usitumie sabuni. Ikibaki na rangi ya chai, inatosha.

3. Usioshe vyote siku moja. Leo sponji, kokoto baada ya wiki mbili.

4. Sugua mipira na pangaboi la pampu kwa brashi. Kagua kama mfuniko unavuja.

5. Maliza haraka, bakteria wanahitaji oksijeni. Umeme ukikatika saa nyingi, mwaga maji yaliyolala ndani ya chujio na usuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha.

6. Maji ya bomba ya kuongezea yaache wazi kwenye ndoo saa 24 ili klorini ipungue.

Ukiwa umeshakosea kama mimi, simamisha chakula na badili theluthi ya maji kila siku hadi samaki watulie. Usisubiri waanze kufa.

Mzee nilimlipa vifaranga wengine. Hao nilikamua sponji yao kwenye beseni mbele ya macho yake, na wamefika bwawani salama. Swali lake bado ninalo.