Maporomoko ya Lofoi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kasomeno hupita bila kujua ajabu iliyofichwa mbali, mkono wake wa kushoto. Huko umeinuka uwanda wa Kundelungu, wenye nyasi na upepo. Na penye ukingo wake wa magharibi mto Lofoi hukatikiwa na ardhi ghafula, ukaanguka zaidi ya mita 340 ndani ya korongo lenye msitu. Mosi-oa-Tunya ya Zambezi, iliyo mashuhuri duniani kote, haipiti mita 108! Ni kweli, ile ina maji mengi. Lofoi yetu ni nyembamba, na wakati wa kiangazi hubaki kama uzi mweupe uchezewao na upepo. Atakaye kuiona katika nguvu zake na aende wakati wa mvua, tope lisimtishe.

Tangu 1970 mahali hapa ni hifadhi ya taifa. Hata hivyo wanyama wamepungua mno kwa ujangili, na moto wa kiangazi huteketeza nyasi zinazozuia maji yasikimbie. Hasara hiyo si ya Lofoi peke yake. Maji yake huingia Lufira, kisha Lualaba. Nayo yashukayo mashariki, upande wa Kasomeno, hufuata Luapula, huzunguka kwa ziwa Mweru, na kukutana na wenzao huko Ankoro.