Fomu Niliyoificha Chini ya Kanga

Akina mama wenzangu, naomba niungame jambo. Mwaka jana niliificha fomu ya binti yangu kabatini, chini ya kanga zangu, kwa siku tisa. Ilihitaji saini yangu tu. Lakini mahali pa uuguzi, tuliouzungumza tangu akiwa mdogo, alikuwa ameandika sayansi ya bahari. Mimi ni mtu wa bara. Hata pantoni ya Kigamboni naipanda nimefumba macho. Kila alipoiulizia fomu, nilimjibu, "Bado naitafuta, mwanangu." Muuguzi wa miaka ishirini, mtumishi wa kanisa, nadanganya mtoto niliyemzaa!

Hakunigombeza. Ila jioni, tukichambua mchicha, alianza kunisimulia habari za watu wanaozamia kutafuta chemchemi za maji moto zilizo chini ya bahari. Nadhani aliujua udhaifu wangu, kwamba napenda kucheka.

Alianza na Februari 1977. Wataalamu wa miamba walikwenda karibu na visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, wakiwa na chombo cha Kimarekani kiitwacho Alvin, ambacho huzama na watu watatu. Walipofika kina cha meta 2,500 hivi, Jack Corliss akapiga simu ya majini kwa mwanafunzi wake wa kike aliyebaki melini. Akamwuliza, je, si tunafundishwa kwamba kilindi ni kama jangwa? Binti akasema ndivyo. Basi, akasema Corliss, huku kumejaa wanyama!

Chaza wakubwa, kaa weupe, minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu. Na katika msafara ule hapakuwa na mtaalamu wa viumbe hata mmoja! Walikwenda kutazama mawe. Formalini ya kuhifadhia viumbe ilikuwa kidogo mno, ikawabidi watumie vodka ya Kirusi waliyokuwa wameinunua Panama. Wenzangu wa kamati ya kiasi mnisamehe, nilicheka mpaka machozi. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji, naujua wasiwasi wa kusimama na kipande cha nyama mkononi huku chupa ya formalini ni tupu.

Walipofungua chupa za maji waliyoyateka huko chini, harufu ya yai viza ikaenea, wakakimbilia kufungua madirisha ya meli. Kumbe harufu ile ndiyo siri ya maisha ya kule. Bakteria huitumia gesi hiyo kujitengenezea chakula mahali pasipo na jua. Wale minyoo hawana mdomo wala utumbo, hulishwa na bakteria wanaoishi ndani ya miili yao. Hapo mchicha niliusahau kabisa. Katika masomo yangu yote ya uuguzi, bakteria alikuwa mtu wa kufukuzwa kwa sabuni.

Jioni iliyofuata nikauliza swali ambalo muuguzi yeyote angeuliza. Humo ndani choo kiko wapi? Maana watu watatu hukaa saa nane hivi katika chumba cha mviringo chenye upana wa meta mbili tu, tena kuna baridi, wamevaa masweta.

"Hakuna choo, mama. Kuna chupa."

"Na wanawake?"

Akasema wanawake huenda vilevile. Mmoja wao, Cindy Van Dover, mtaalamu wa viumbe, alijifunza hata kukiendesha chombo chenyewe, akawa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kukiongoza. Na anayezama mara ya kwanza, akirudi juu humwagiwa ndoo ya maji ya barafu na wenzake, watu wazima wenye shahada!

Huchukua pia vikombe vyeupe vya povu, vile vya kunywea chai safarini, wakavichora picha na majina ya watoto wao, wakavifunga nje ya chombo. Uzito wa maji huvifinya vikarudi vidogo kama kile kikombe cha kupimia dawa ya kikohozi. Hizo ndizo zawadi za kupeleka nyumbani.

Siku ya nane akaniambia habari ya mikate. Mwaka 1968 nyaya zilikatika wakati Alvin ikishushwa, ikazama mlango ukiwa wazi. Ilipoopolewa mwaka 1969, baada ya miezi kama kumi, chakula cha mchana kilikuwa bado kimo, kimelowa lakini hakijaoza. Kuna walioonja!

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimesikia neno "ikazama".

"Na watu?"

"Watatu, mama. Walitoka wote."

Akaendelea kukata majani. Hakunitazama, nami sikumtazama. Nilijua ameiacha hadithi hiyo ya mwisho makusudi, na kwamba angeweza kabisa kunificha, kama nilivyomficha yeye.

Kesho yake nilipotoka zamu nilipitia duka la dawa. Asubuhi aliikuta fomu mezani ina saini, imekandamizwa na chupa mpya ya mkojo, ile tuwapayo wagonjwa wasioweza kuamka.

Sasa yuko mwaka wa kwanza. Kwenye pantoni bado nafumba macho. Ile chupa, anasema, anawekea kalamu.