Hodi ya Baharini

Katika ada za Waswahili, mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Mgeni husimama nje akapiga hodi. Asipojibiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu. Na ikiwa ya tatu nayo haikupata jibu, hurudi alikotoka bila ya kinyongo, kwani mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari. Hili hulijua kila mtoto aliyelelewa vyema. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akishapanda boti kwenda kuwatazama viumbe wa baharini, aghalabu huiacha ada hiyo ufukweni pamoja na viatu vyake.

Kusini mwa Unguja, Kizimkazi, pahala penye msikiti uliochorwa mwandiko wa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, boti ndogo huondoka asubuhi zikiwa na wageni wanaokwenda kuwaona pomboo. Baina ya Julai na Oktoba, wakati wa kusi, waliobahatika huwaona na nyangumi wa nundu, ambao hupanda kutoka bahari za baridi za kusini mwa dunia kuja kupandana na kuzaa katika maji haya ya vuguvugu. Boti zenyewe ni za kawaida: turubai la kuzuia jua, mashine nyuma, na watu waliobanana juu ya mabao. Nyangumi mzima hukaribia urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30. Anapoibuka karibu, hakuna haja ya kuuliza nani mkubwa.

Kwanza husikika pumzi, kama mvukuto wa mhunzi. Mvuke hupanda, mgongo mweusi hujiviringa taratibu, na mkia hunyanyuka ukichuruzika maji kabla ya kuzama. Uso wa bahari hubaki na duara laini, kana kwamba mtu amepitisha kiganja juu ya shuka. Ndani ya boti, watu wasiojuana tangu waondoke pwani hushikana mikono. Aliyekuwa akitapika husahau kutapika. Saa hiyo ndiyo inayouzwa, na kwa kuwa inauzwa, kila mnunuzi huitaka iwe karibu zaidi na irefuke zaidi.

Biashara hii isidharauliwe. Hadi katikati ya miaka ya 1990, pomboo wa pande hizi walikuwa wakiwindwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Utalii ulipoanza, mwanzoni mwa miaka hiyo, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai huleta riziki leo na kesho, ilhali aliyeuawa huleta riziki ya siku moja. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Chusa kikawekwa chini, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuweka chini chusa si sawa na kuacha kuwinda. Pomboo wachache wakizungukwa na boti nyingi, kila moja ikiwania kuwatangulia ili wageni wake warukie mbele yao, wale wanaokimbia huenda wasione tofauti kubwa baina ya zama hizi na zile.

Mgeni haoni ubaya, kwa sababu hajui anachokitazama. Pomboo hulala kwa nusu moja ya ubongo huku nusu ya pili ikikesha. Huendelea kuogelea polepole na kupanda juu kuvuta pumzi. Kwa macho ya aliye botini, kundi lililolala ni kundi tulivu linalofaa kufuatwa. Nahodha huongeza mwendo, miguu ya wageni hupiga maji, na usingizi hukatika. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba pomboo hupumzika kidogo zaidi boti zinapokuwapo. Nao si wengi hata wastahimili usumbufu usiokwisha. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwakisia wale wenye mdomo mfano wa shingo ya chupa kuwa hawafiki 200, na wale wenye kinundu mgongoni kuwa hawafiki 100. Juu ya hayo, baadhi yao hunasa na kufa katika nyavu za jarife.

Ama nyangumi, mama aliyezaa huku yumo katika mfungo. Chakula chake kiko kusini ya mbali. Huku huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kutokana na mafuta hayo hayo humnyonyesha ndama anayezaliwa na urefu wa zaidi ya mita nne. Kila mbio anazolazimishwa kukimbia hutolewa katika akiba ya mtoto. Mwaka 2017 wanasayansi waliofanya kazi katika ghuba ya Exmouth, magharibi ya Australia, waliandika kwamba ndama na mama yake huitana kwa sauti ndogo mno, mfano wa kunong'ona, yumkini ili wasisikiwe na nyangumi wauaji. Watu humsifu nyangumi wa nundu kwa wimbo wa dume, unaofika mbali sana majini. Ni wachache wanaofikiri kwamba katika bahari hiyo hiyo mtoto hunong'ona, na kwamba mashine moja inatosha kuufunika mnong'ono wake.

Je, ukaribu hauwezekani ila kwa kufukuza? Upande wa pili wa dunia, nchini Meksiko, iko ghuba ya San Ignacio, ambako nyangumi wa kijivu huzalia. Katika karne ya 19 wawindaji waliwachinja katika ghuba za pwani hiyo karibu wawamalize. Mama waliotetea ndama wao walivunja mashua, wakaitwa samaki wa shetani. Baada ya wawindaji kutoweka, wavuvi wa hapo waliendelea kuwaogopa. Ndipo siku moja ya mwaka 1972 mvuvi Francisco Mayoral, maarufu kwa jina la Pachico, aliona nyangumi amekuja mwenyewe kwenye mashua yake ndogo, akakaa hapo wala asiondoke. Hofu ilipompungua, Pachico alinyosha mkono akamgusa. Tangu hapo mama huonekana wakizileta ndama zao kwenye boti, na watu huzigusa. Wengi hukiita kisa hiki msamaha. Huenda neno hilo ni kubwa mno, na linamfurahisha zaidi binadamu kuliko linavyomweleza nyangumi. Linaloonekana kwa macho ni dogo, nalo latosha: pale ghubani, idadi ya boti zinazoingia kwa wakati mmoja imewekewa mpaka, na boti hungoja. Anayebisha hodi ni nyangumi.

Huku kwetu hakuna aliyeahidiwa kwamba nyangumi wa nundu atakuja kuguswa, wala hilo si la kutamaniwa. Lakini kungoja kunawezekana. Nahodha mwenye ada huzima mashine kwa mbali akaiacha boti ielee. Nyangumi akishika njia yake akapita jirani, hiyo ni karibu. Akigeuza njia, akizama muda mrefu, au mama akijiweka baina ya boti na mwanawe, hodi haikujibiwa. Hupigwa tena baada ya kitambo. Ya tatu ikishindikana, boti hurudi.

Kurudi huko kuna gharama, nayo humwangukia asiyekuwa na kitu. Petroli imekwisha kuungua, wageni wamenuna, bahshishi imeyeyuka, na boti ya jirani imesogea hadi karibu na mkia na kurejea na picha. Kumtaka nahodha mmoja awe mstaarabu peke yake ni kumtaka afunge huku wenzake wakila. Hivyo ada hii haina budi iwe ya bandari nzima, na mgeni aelezwe kabla hajavua viatu kwamba nauli aliyotoa ni ya safari, na kwamba mwenye nyumba hakulipwa chochote. Akielezwa hivyo, hata duara lile laini juu ya maji litamtosha, kwa kuwa atajua limeachwa na nani, na kwamba aliyeliacha amekwenda zake kwa hiari yake, na mwanawe yu ubavuni.